Maswali ya Wasomaji: Halmashauri Inataka Kuyafunga Makumbusho Yetu

SWALI: Ndugu Mhariri, katika mji wetu mdogo mkoani Mbeya tuna makumbusho ya halmashauri, yaliyomo katika jengo la zamani jirani na stendi. Humo mna vyungu vya Wakisi, majembe yaliyofuliwa na wahunzi wetu, ngoma, viti vya machifu na picha za wazee. Tumesikia kwamba yatafungwa kabla ya mwaka mpya wa fedha kwa kuwa hayaingizi mapato, vifaa vitapelekwa stoo, na jengo litageuzwa kuwa fremu za biashara. Walimu na wazee wachache tumeunda kamati, na vijana wanataka tuandamane. Tuanzie wapi? Msomaji, Mbeya.

JIBU: Ndugu msomaji, kwanza kipateni kwa maandishi kile mnachokipinga, kwa maana mpaka sasa mlichonacho ni habari ya kusikia. Mwandikieni Mkurugenzi, nakala kwa diwani wenu, mkiomba muhtasari wa kikao kilichojadili suala hili pamoja na hesabu za mapato na matumizi ya makumbusho. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia haki ya kuomba taarifa za namna hiyo, na mamlaka inatakiwa kujibu ndani ya siku 30. Hivyo hakikisheni nakala yenu imegongwa muhuri wa masijala. Hesabu hizo zitaonyesha kama makumbusho yaliwahi kutengewa hata fungu la kukarabati paa, kwani si haki kuyalaumu kwa kutoingiza fedha ikiwa hayakuwekewa chochote.

Hata hivyo, jambo ambalo ningelipigania kabla ya jengo lenyewe ni daftari la vifaa. Kila chungu na kila kiti kipigwe picha, kipewe namba, na kiandikwe kilitoka kwa nani, kijiji gani, na kama kilitolewa moja kwa moja au kiliazimwa. Sisi wa nyanda hizi tunajua gharama ya kitu kuondoka bila kumbukumbu ya kuaminika. Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, alijiua mwezi Julai 1898 ili asishikwe na Wajerumani, na fuvu lake likachukuliwa; Ibara ya 246 ya Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 iliagiza likabidhiwe kwa Waingereza ndani ya miezi 6, lakini Wahehe walilipokea mwaka 1954. Gavana Edward Twining alipolifuatilia katika makumbusho ya Bremen, Ujerumani, alikuta mafuvu mengi, ikabidi lichaguliwe kwa kulinganisha vipimo vya vichwa vya jamaa za Mkwawa. Leo limehifadhiwa Kalenga, mkoani Iringa. Stoo ya halmashauri haiko mbali kama Bremen, lakini kifaa kisicho na maandishi kinaweza kupotelea humo humo, na hakuna atakayeweza kuthibitisha kwamba kiliwahi kuwapo.

Mkishapata hesabu na daftari, msiende kwa madiwani na ombi tupu la kwamba yasifungwe. Pelekeni pendekezo la nani mwingine anaweza kuyalea, kwa sababu diwani anayebanwa na upungufu wa madawati na dawa anahitaji jibu la kuwapa wenzake. Mifano iko karibu nanyi. Jengo la Boma la Iringa, lililoachwa na Wajerumani, lilifunguliwa kuwa makumbusho mwaka 2016 kupitia mradi wa Fahari Yetu wa Chuo Kikuu cha Iringa, kwa fedha za Umoja wa Ulaya. Makumbusho ya Majimaji ya Songea yako chini ya Makumbusho ya Taifa, na kimondo cha Mbozi kimewekwa chini ya Mamlaka ya Hifadhi ya Eneo la Ngorongoro. Aidha, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inampa Waziri uwezo wa kutangaza jengo lenye thamani ya kihistoria lilindwe, nanyi mnaweza kumwandikia.

Muda ni mfupi. Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai na bajeti hupitishwa miezi kadhaa kabla, kwa hiyo ombeni mkutano mkuu wa mtaa sasa, muhtasari wake ufike Kamati ya Maendeleo ya Kata, kisha diwani aubebe hadi kwenye Baraza la Madiwani. Vikao vya Baraza viko wazi. Wazee wahudhurie, hata kama hawaruhusiwi kuchangia. Maandamano sishauri kwa sasa, kwani yanaweza kumfanya mgumu diwani ambaye barua na hesabu zingemshawishi.

SWALI: Babu yetu aliazimisha mkuki na kigoda kwenye makumbusho ambayo nayo yanatajwa kufungwa. Je, tuvichukue mapema? Msomaji, Njombe.

JIBU: Kama viliazimishwa, bado ni mali ya ukoo, na mna haki ya kuvidai. Tafuteni hati au shahidi, andikeni barua iliyosainiwa na wazee wa ukoo, mwombe picha na namba za vifaa hivyo daftarini. Lakini msiviondoe kabla uamuzi haujatolewa, kwa maana kila ukoo ukichukua chake, makumbusho yatakuwa yamefungwa na sisi wenyewe. Na akitokea mnunuzi wa kuvipeleka nje ya nchi, mkataeni, kwa kuwa sheria hairuhusu vifaa vya kale vya jadi kusafirishwa bila leseni.