Uliza Fundi: Vioo kwenye pagola ya bustani

SWALI: Shikamoo fundi. Nyuma ya nyumba yetu, huku Casuarina, Malindi, nina pagola ya mbao, yaani kibanda cha nguzo kisicho na kuta. Upande unaotazama bahari una mita 4, ubavu mita 3, na juu nimeezeka makuti. Kusi ikianza, mchanga unaingia mpaka kwenye chai. Jirani ameniletea fundi anayetaka kuizungushia vioo vya milimita 4 pande zote nne, kisha atoe makuti aweke kioo na juu. Nikubali?
Mama Watoto, Malindi

JIBU: Marahaba, mwanangu. Makuti usiyaguse. Malindi tuko kama digrii 3 tu kusini mwa ikweta. Jua la saa sita ni la utosini, na kioo hupitisha mwanga wake kisha kikalizuia joto lisitoke. Utakuwa umejenga tanuri la mkate, na mkate ni wewe.

Pande zote nne pia sikubali. Kusi huvuma tangu Aprili hadi Septemba hivi, ikitokea kusini na kusini-mashariki. Basi ubavu wa kusini uzibe kwa kioo kisichofunguka. Upande wa bahari weka vya kusukuma kando kwenye reli, kwani Desemba kaskazi ikiingia na joto likizidi, upepo huo wa kaskazini-mashariki utauhitaji. Kwingine acha wazi.

Milimita 4 ni kioo cha dirisha dogo. Mtoto akikigonga kwa mbio, kinatoa vipande virefu vyenye makali. Taka kile kigumu, kilichopashwa moto mkali kikapozwa ghafla, cha milimita 10. Kikivunjika humwagika chembe ndogo butu. Kwa kawaida huwa na muhuri mdogo pembeni. Usipouona, usilipe kwanza. Kioo hicho hakikatwi wala hakitobolewi tena kikishatoka kiwandani, kwa hiyo vipimo vichukuliwe sakafu ikiwa imekwisha.

Watu husahau uzito. Mita moja ya mraba ya milimita 10 ni kilo 25. Ukigawa upande wa bahari vioo vinne vya mita 1 kwa 2.2, kila kimoja ni kilo 55, vyote 220. Mafundi wengi hupenda kuvining'iniza kwenye boriti ya juu kwa sababu reli ya chini hujaa mchanga. Ni kweli hujaa. Lakini boriti yako iliwekewa makuti, si mzigo huo, na ikipinda kidogo tu vioo vinakwama. Mimi ningeweka reli chini, juu ya kizingiti cha zege kilichoinuka, nikaitoboa matundu ya kutoa maji, na ufagio ukakaa hapo hapo. Juu uwe mfereji wa kuongoza tu, wenye nafasi ya sentimita moja hivi, maana mbao hufura masika.

Kabla ya yote, chokonoa miguu ya nguzo kwa bisibisi. Mchwa wa Malindi hawabishi hodi.

Fremu ziwe za alumini iliyopakwa rangi ya kiwandani. Bolti ziwe za chuma cha pua, zilizoandikwa A4 kichwani. Zile za A2 huanza madoa ya kutu mapema kwa hewa yetu ya chumvi. Na vioo vioshwe kwa maji ya mvua au ya bomba. Visima vingi vya karibu na bahari vina chumvi, na ikikauka juu ya kioo huacha madoa meupe.