Nikizidi kusoma, nitaupoteza usiku ule?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Miaka mitatu iliyopita mama yangu alikuwa mahututi. Usiku wa manane nilikuwa kwenye korido ya wodi nikisali, hata sijui naomba nini, mara nikahisi yupo aliyekaa kando yangu. Sikuona mtu wala kusikia sauti. Hofu ikanitoka kama mtu aliyetuliwa mzigo. Mama alifariki siku mbili baadaye, lakini utulivu ule haukuniacha. Sasa nasomea masomo ya dini chuoni, na juzi mhadhiri alisema mambo ya namna hii ni ubongo uliochoka kwa huzuni. Nilitoka darasani nikijiona nimeibiwa. Niache kozi?
Msomaji, mwaka wa pili

JIBU: Marahaba, mwanangu. Pole sana kwa kuondokewa na mama.

Usiache. Ila leo hii, kabla hujafungua kitabu kingine, chukua daftari uandike usiku ule kama ulivyokuwa. Ulikaa upande gani wa korido? Huyo uliyemhisi alikuwa kulia au kushoto? Ulikuwa katikati ya neno gani la sala? Andika kwa maneno yako, kwa sababu maneno ya vitabu huingia kwenye kumbukumbu kimyakimya na baada ya muda yakawa ndiyo wenyeji.

Hili nililijua kwa kukosea. Nilipoanza utafiti nilimhoji bibi mmoja, akaniambia: “Niliitwa kwa jina langu la utotoni, na wote waliolijua walishakufa.” Usiku nikaandika: “Mhojiwa aliripoti kuhisi uwepo usioonekana.” Niliporudi kumsomea, alinyamaza kidogo, kisha akauliza, “Na jina langu liko wapi?” Nilikuwa nimelitupa, mwanangu. Nililiona ni jambo dogo, kumbe kwake hilo jina ndilo lilikuwa tukio zima.

Mwanafalsafa Wayne Proudfoot wa Marekani alilifafanua kosa hili mwaka 1985. Mtu yuko msituni, anaona dubu, anashikwa na hofu. Kumbe ni gogo. Ukitaka kusimulia hofu yake huna budi kumtaja dubu, kwa kuwa hakuogopa gogo. Ukitaka kueleza hofu ilisababishwa na nini, hapo leta gogo lako. Kazi ni mbili, na mhadhiri wako aliiruka ya kwanza. Usijidanganye, lakini: kusimulia vizuri hakuthibitishi kwamba dubu alikuwapo. Kunahakikisha tu kwamba tunalolijadili ni jambo lako na si jingine.

Kuhusu ubongo, William James, mwanasaikolojia na mwanafalsafa wa Marekani, alishalijibu katika mihadhara yake ya Edinburgh, Uskochi, 1901 na 1902. Wapo waliokuwa wakisema maono ya Paulo njiani kwenda Dameski yalikuwa kifafa tu, basi yamekwisha. James akawaambia kila wazo lina mizizi mwilini, hata wazo la asiyeamini. Kwa hiyo mwili peke yake hauwezi kutuambia lipi la kweli na lipi si la kweli. Nampenda kwa sababu moja zaidi: alikiri kwamba yeye mwenyewe alikuwa karibu amefungiwa nje ya hali hizo. Ndiyo maana alisikiliza. Mihadhara yake imejaa watu wakisimulia kwa vinywa vyao.

Kuna somo moja litakalokuuma kwanza, nalo ndilo naliona la thamani kuliko yote. Tanya Luhrmann, mwanaanthropolojia, alikaa miaka na waumini wa kiinjili huko Chicago na California, na kitabu chake kilitoka mwaka 2012. Aliona kwamba kumsikia Mungu ni jambo ambalo watu wale walijifunza, kwa sala ya kila siku, na wengine walijaliwa zaidi ya wenzao. Utajiuliza: kwa hiyo nilifundishwa kuhisi? Naam, kwa sehemu. Aliyekufundisha kusali alikuandalia usiku ule miaka mingi kabla. Huenda ni mama yako. Mimi sioni kilichopungua hapo. Sikio lililofunzwa muziki husikia sauti ambazo mwingine hazisikii, na sauti zipo.

Mkumbuke pia al-Ghazali, mwanachuoni wa Kiislamu. Mwaka 1095 alikuwa mwalimu mkuu Baghdad. Ulimi ukagoma kufundisha, chakula hakipiti, akaacha cheo akaondoka. Alikuwa amevisoma vitabu vya masufi, Waislamu wanaotafuta kumjua Mungu kwa moyo, akavielewa, kisha akatambua kwamba kilichobaki hakisomwi, huonjwa. Tabibu mgonjwa, alisema, anaijua maana ya afya na bado hana afya. Lakini angalia: ni kule kusoma kulikomwonyesha bado hajaonja. Wewe umeanzia upande wa pili. Umeonja, sasa unasoma.

Yule bibi nilimwandikia upya ukurasa wake, jina likakaa mstari wa kwanza. Na wewe, ukimaliza daftari, mpelekee mhadhiri ukurasa mmoja umwombe ausome kabla hajaueleza.