Maswali yenu ya takwimu: chai ya shangazi na ile p ya 0.04

Msimu wa ripoti umefika, naona kwenye barua. Naanza na hii ya mwanafunzi wa Moshi maana zinazofanana nayo zimekuja nyingi, nimejibu moja kwa niaba ya zote, wengine mtajisomea humo humo.

Shikamoo mwalimu. Nipo mwaka wa tatu nasoma saikolojia, utafiti wangu ni kuchezea simu usiku na msongo wa mawazo kwa wanachuo. Nilitoa madodoso 60 nikarudishiwa 44. SPSS, ile programu ya takwimu, imenipa r (kipimo cha uhusiano) 0.31 na p 0.04, nikaandika kwamba nimethibitisha kwa asilimia 96 kuwa simu ya usiku inasababisha msongo. Supavaiza kazungushia sentensi nzima peni nyekundu, kaandika "hujathibitisha kitu", basi, maelezo hakuna. Kosa langu nini? – Mwanafunzi, Moshi

Marahaba mwanangu, pole. Supavaiza wako yuko sahihi ila kakubania maelezo, ngoja nikupe mimi, tupitie kwenye chai kwanza.

Desemba tulipanda kwa shangazi Old Moshi. Shangazi huyu anadai chai ya maziwa iliyochemshwa pamoja anaijua kwa kuonja tu, na ile ya kuchemsha majani peke yake afu maziwa ya moto yakamiminwa mwishoni nayo anaijua, hata umwamshe usiku wa manane. Wajomba wakacheka. Nikasema tusibishane, tupime. Wazo lenyewe si langu, ni la Ronald Fisher, Mwingereza aliyelieleza mwaka 1935 kwa kisa cha mama anayedai akionja anajua kama kikombeni kilitangulia maziwa au chai.

Tukatoa vikombe vinane vya bati vinavyofanana, vinne chai ya aina hii na vinne ya aina ile, sukari sawa, joto sawa, namba chini ya kila kikombe, na mpangilio wa kupeleka tukauokota kwa vikaratasi ndani ya kofia ya mjomba. Aliyepeleka vikombe ni binti yake ambaye alikuwa nje muda wote na hajui kipi ni kipi. Hilo nililing'ang'ania maana anayejua jibu huwa anajisaliti usoni. Kulikuwa na farasi Berlin akiitwa Hans, watu waliamini anajua hesabu, anagonga kwato mpaka jibu linapofika anaacha, na mwaka 1907 mwanasaikolojia Oskar Pfungst akaonyesha kwamba farasi alikuwa anausoma mwili wa anayemuuliza, yaani muulizaji akiwa mwenyewe hajui jibu na Hans naye anakwama. Sasa kama farasi anaweza kukusoma, shangazi yangu je?

Akaonja, akakohoa, akarudia kikombe cha tano, akatenga vinne akasema hivi ndo vya kuchemshwa pamoja. Vitatu sahihi, kimoja kakosa. Vigelegele nyumba nzima. Mi nimekaa na kalamu nahesabu. Njia za kuchagua vikombe vinne kati ya vinane ziko 70. Ya kupatia vyote vinne ni moja tu, na za kupatia vitatu ziko 16. Kwa hiyo mtu asiyejua chochote, anayeokoteza tu, atapatia vitatu au vyote kwa njia 17 kati ya 70, kama asilimia 24 hivi. Hiyo 0.24 ndo p ya shangazi: kama hana huo uwezo kabisa, matokeo mazuri kiasi hiki au kuzidi yanaweza kujitokea yenyewe mara ngapi. Sasa angalia isivyosema. Haisemi kuna asilimia 76 kwamba shangazi anajua chai, na wala haisemi shangazi muongo, maana vikombe nane ni vichache, angevipatia vyote p ingeshuka mpaka 1 kwa 70 na mjadala ungekuwa mwingine. (Nilimweleza hivi hivi. Tangu siku hiyo nikienda napewa chai ya rangi.)

Sasa rudi kwako. p yako ya 0.04 inasema hivi: kama simu na msongo havina uhusiano wowote, ukichukua watu 44 kihalali utakutana na r ya 0.31 au kubwa zaidi, iwe ya kupanda au ya kushuka, kama mara 4 katika 100. Hiyo 96 umeitunga wewe kwa kutoa kwenye mia, na usijali, hata walimu wanaitunga. Afu hiyo r ukiizidisha yenyewe kwa yenyewe unapata 0.096, maana yake tofauti za msongo kati ya watu wako zinaendana na simu kwa kama asilimia 10, ile 90 iko kwingine.

Neno "inasababisha" ndo lililomchoma supavaiza nadhani. Umeuliza vitu viwili siku moja kwenye karatasi moja, utajuaje kipi kilianza? Mwenye mawazo hapati usingizi, anafanyaje, anashika simu. Au boom (hela ya mkopo wa chuo) limechelewa, ada inadaiwa, mtu yuko macho saa nane usiku anawatumia ndugu meseji za kuomba salio, hapo simu juu na msongo juu na mwenye kosa ni boom. Ili useme inasababisha ungewagawa watu wale wale kwa bahati nasibu, nusu waachie simu zao mahali kila usiku kwa wiki kadhaa, nusu waendelee na maisha yao, ndo ulinganishe. Hukufanya hivyo, basi andika "vinahusiana" na ulale salama.

Na wale 16 wasiorudisha hujawaandikia hata mstari. Mwaka 1936 jarida la Literary Digest la Marekani lilituma kadi kama milioni 10 kuuliza watu watampa nani kura ya urais, zikarudi zaidi ya milioni mbili, likatangaza Landon atamshinda Roosevelt. Roosevelt akachukua majimbo 46 kati ya 48. Majina mengi waliyatoa kwenye orodha za wenye simu na wenye magari, enzi ambazo wengi hawana kitu, na waliojisumbua kurudisha kadi hawakufanana na waliokaa kimya. Milioni mbili nzima! Wewe una 44, na wale 16 inawezekana ndo waliolemewa zaidi, dodoso lako wamelilalia tu. Sema uligawa wapi, kwa nani, saa ngapi.

La mwisho kwako, kama kabla ya hiyo 0.04 ulijaribu vitu vingine vingi vikagoma, viandike vyote. Ukipima mambo 20 yasiyo na ukweli wowote kwa mpaka wa 0.05 (p ikishuka chini ya hapo unahesabu umepata kitu), uwezekano wa angalau moja kukuchekea ni kama asilimia 64.

Mwalimu za kazi. Mwanangu yuko darasa la sita. Nikimsifia kwa maksi nzuri mtihani unaofuata anashuka, akipata mbaya nikamchapa anapanda. Baba yake anasema tuache sifa tubaki na fimbo. Saikolojia inasemaje? – Mama wa wawili, Sakina, Arusha

Nzuri mama. Mpe baba pole, fimbo hapo inapewa sifa isiyo yake.

Maksi za mtoto zina vitu viwili ndani, anachojua na bahati ya siku ile, kama swali alilosoma jana yake limetoka, kama alilala, kama ana mafua. Tuseme kawaida yake ni 60 na kitu. Akipata 82 ujue siku hiyo bahati ilimbeba, na mtihani unaofuata bahati ile haipo, anarudi 60 na kitu zake, na katikati hapo wewe ulikuwa umemsifia. Akipata 41 ni hivyo hivyo kwa upande wa pili, alikuwa anapanda tu hata ungemwangalia bila kusema neno. Mwanasayansi Mwingereza Francis Galton aliliona hili akaandika mwaka 1886 kwa kupima urefu wa wazazi na watoto wao, wazazi warefu kupindukia watoto wao walikuwa warefu ila si kwa kiasi kile, walisogea kuelekea wastani. Na mwanasaikolojia Daniel Kahneman alisimulia kwamba aliwahi kuwafundisha wakufunzi wa marubani wa jeshi la anga la Israel, mmoja akasimama na hoja ya mume wako neno kwa neno: rubani ukimsifia anaharibu, ukimfokea anatengenea.

Chukueni dadu ya ludo jioni, baba airushe. Ikitoka sita aisifie, ikitoka moja aichape na kandambili. Atashangaa jinsi dadu inavyosikia kichapo. Hilo halisemi fimbo haina athari yoyote kwa mtoto, linasema huo ushahidi wenu hauwezi kuwaambia, iwe kwa wema au ubaya. Mimi mwenyewe nilichapwa sana kwa sababu ya hesabu hii hii mbovu, kwa hiyo mnisamehe nikionekana nina upande.

Kwenye kikundi chetu tumeambiwa wastani wa kipato cha mwanachama ni laki nne kwa mwezi, sasa mbona hakuna ninayemjua anayefika huko? – Mwanakikundi, Tengeru

Aliyepiga hesabu hajakosea, kachagua kipimo kibaya. Tuseme mko tisa na kwa maelfu mnapata 150, 150, 180, 200, 200, 220, 250, 250, na mmoja mwenye gari za watalii anapata 2,000. Jumla 3,600, gawa kwa tisa ni 400. Wanane kati ya tisa wako chini ya wastani! Wapange kwa mstari mchukue wa katikati, wa tano, ni laki mbili, hiyo ndo namba ya kati na kwenye mambo ya kipato ndo ya kuuliza. Yule wa watalii hata akianza kupata milioni kumi, wa katikati hatikisiki.

Mwalimu, idadi ya watu wangu ni 1,000, nimetumia fomula ya Yamane, ile ya kupata idadi ya watu wa kuwahoji, nimepata 286. Hapo nimemaliza suala la sampuli? – Kijana wa mwaka wa mwisho, Moshi

Hapana. Fomula imekupa idadi, haijakwambia ni akina nani. Inachukulia kwamba wote 1,000 unawafahamu kwa orodha na unaokota kwa nasibu. Tuseme ni wafanyabiashara, ukienda sokoni Kiborloni ukawashika 286 wa kwanza wasio na wateja, umepata watu 286 wasio na wateja. Nimezisoma ripoti za aina hii mpaka macho yameota sugu.

Mambo mwalimu. Sisi madereva wa boda tunajiwa kijiweni na wanafunzi wenye makaratasi. Juzi swali moja lilikuwa "je, wiki hii umejihisi bluu?" tukacheka kinoma. Ni lazima tujibu? Na majibu yetu yanaenda wapi? – Chalii wa boda, Ngarenaro

Poa chalii angu. Si lazima. Kabla ya swali la kwanza anatakiwa akueleze ni utafiti wa nini, majibu yataonwa na nani, na kwamba unaweza kukataa au kuachia njiani bila kuulizwa sababu. Jina lako kwenye dodoso la namna hiyo halina kazi.

Hiyo bluu ni dodoso la Kiingereza lililotafsiriwa usiku wa kuamkia kazi, kwao mtu mwenye huzuni ndo husemwa hivyo. Inavyotakiwa mmoja analeta Kiswahili, mwingine ambaye hajaona la mwanzo anarudisha Kiingereza, wanalinganisha, afu wanalijaribu kwa watu wachache kama nyie kabla ya kutembea nalo mji mzima. Mkiwacheka wanafunzi mnawasaidia, ila waambieni mnacheka nini ili waandike.

Kingine, kujibu maswali ya huzuni huku wenzako wanne wamekuinamia begani wanasoma, hapo kila dereva wa Ngarenaro ataonekana hana shida duniani. Mwambie mkae pembeni mko wawili. Na akikuomba namba ya NIDA, mrudishie karatasi yake upakie abiria.