Kanzu ya Yusufu: barua kwa mwanangu aliye Unguja

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu, ya tatu nikiwa nimevaa miwani. Unasema mwenzako mnayekaa chumba kimoja amekwambia Kurani ina habari zote za Biblia, tena zimesahihishwa. Ukaazima kwake tafsiri ya Kurani, ukasoma, ukawakuta Nuhu, Ibrahimu, Musa, Daudi, Mariamu na Yesu mwenyewe. Sasa unaniuliza: "Mama, Biblia ina nini ambacho Kurani haina? Au ni kitabu kimoja kimeandikwa mara mbili?"

Padre angekujibu kwa mpango mzuri kuliko mimi. Lakini umeniuliza mimi, basi nitashika ninachokijua, nacho ni kisa cha Yusufu.

Unaikumbuka nyumba ya Bi Mkubwa pale Ngamiani, Tanga, tulipopanga vyumba viwili? Wewe ulikuwa ukimwita Bibi. Mwezi wa Ramadhani alikuwa haachi darsa ya alasiri. Akirudi, anakaa uwani juu ya mbuzi, anakuna nazi ya futari na kunisimulia aliyoyasikia. Siku hiyo ilikuwa sura ya 12, sura ya Yusuf, ambayo Kurani yenyewe inaiita simulizi nzuri kuliko zote. Akafika pale mke wa yule bwana mkubwa wa Misri alipomtaka Yusuf kwa nguvu. Yusuf akakimbilia mlangoni, mwanamke akaikamata kanzu yake kwa nyuma, ikachanika. Mara mume huyu hapa. Mtu wa jamaa wa yule mwanamke akasema itazamwe kanzu: ikiwa imechanwa mbele, mwanamke kasema kweli, ikiwa imechanwa nyuma, kaongopa.

"Ikaonekana imechanwa nyuma!" Bi Mkubwa akasema, na kifuu akakigonga chini kama hakimu.

Kisha akanipa habari ya wanawake wa mjini waliomsengenya mke yule. Akawaalika, akampa kila mmoja kisu, halafu akamwita Yusuf apite mbele yao. Kwa uzuri wake wakajikata mikono. Nikamwambia kwetu hayo hayamo, wala kanzu iliyochanwa nyuma haimo. Akaacha kukuna, akanitazama kwa huruma kabisa.

"Sasa nyinyi mnajuaje kama hakufanya?"

Usiku nikafungua Mwanzo 39. Vazi linabaki mkononi mwa mwanamke, naye analionyesha kwa mumewe kama ushahidi, Yusufu anatupwa gerezani. Msomaji ameambiwa ukweli, lakini Misri nzima hakuna aliyeambiwa. Nikasoma mpaka mwisho wa kitabu, sura ya 50, nikitafuta mahali jina lake linaposafishwa. Hakuna. Anatoka gerezani kwa sababu Farao anahitaji mtu wa kufasiri ndoto. Kwenye Kurani mwanamke anakuja kukiri mbele ya mfalme, na Yusuf anatoka akiwa safi mbele ya watu wote. Kwenye Biblia anakuwa mkubwa wa nchi na kesi yake bado iko wazi.

Swali la Bi Mkubwa lilinikaa kifuani miaka mingi, nami siku hizi naona ndilo swali lako. Kurani inamlinda nabii. Waislamu hufundishwa kwamba mitume wamekingwa na madhambi makubwa, na ukisoma kwa jicho hilo, kisa chote kinaenda kuonyesha kwamba Mungu hamwachi mja wake aaibike. Biblia haina haraka ya kumsafisha mtu. Hata wewe nilipokuwa nakusomea, uliniuliza kwa nini Yusufu alikuwa anawachongea kaka zake kwa baba yao. Nami sikuwa na la kumtetea, kwa maana imeandikwa hivyo.

Halafu kuna baba mtu. Wote wawili wanalia, lakini kwa namna mbili. Yakobo wa kwenye Mwanzo anaiona kanzu yenye damu na kuamini mara moja kwamba mnyama mkali amemla mwanawe. Anararua mavazi yake, anakataa kufarijiwa. Yaakub wa kwenye Kurani hadanganyiki. Anawaambia wanawe nafsi zao zimewashawishi, kisha anasema subira ni njema. Hata hivyo analia mpaka macho yanaingia weupe. Ile siku nilipomzika baba yako, ni Bi Mkubwa aliyenishika mkono akanikumbusha Yaakub, kwamba hata nabii alilia mpaka akapofuka. Ilinisaidia, sikufichi. Sijaona aibu kufarijiwa na kitabu ambacho si changu.

Lakini nikupeleke panaponishika mimi zaidi. Ndugu wamekwenda Misri kutafuta chakula, kikombe kimeonekana kwenye gunia la mdogo wao, naye anataka kuzuiliwa. Katika Kurani, aya ya 78 ya sura hiyo, ndugu wanamwomba mkubwa wa nchi, ambaye ni Yusuf wasiyemtambua: huyu ana baba mzee sana, basi mchukue mmoja wetu mahali pake. Mmoja wetu. Fungua sasa Mwanzo 44. Anayesogea mbele ni mtu mmoja mwenye jina, Yuda. Anasema maneno mengi, ndiyo hotuba ndefu kuliko zote katika kisa hicho, na mwishoni anaomba yeye abaki mtumwa badala ya kijana, kijana aende zake na ndugu zake. Hasemi mmoja wetu. Anasema mimi.

Na Yuda ni nani? Ni yule yule aliyetoa shauri Yusufu auzwe, sura ya 37. Ni yule yule aliyelala na mkwewe Tamari akidhani ni kahaba, sura ya 38, sura ambayo padre wetu wa zamani alikuwa akiiruka kwenye masomo. Kurani haina sura hiyo. Biblia imeipachika katikati ya kisa cha Yusufu kama mwiba, na ukifungua Mathayo ukurasa wa kwanza, kwenye ukoo wa Yesu, wamo wote wawili, Yuda na Tamari, kwa majina. Mimi niliposikia mtu akisema Kurani imesahihisha, nilijiuliza: imesahihisha nini? Ukimwondolea Yuda uchafu wake, huyu anayesema "mimi badala yake" anabaki mtu mwema tu aliyetenda jema. Ninavyosoma mimi, Biblia inapita kwa makusudi kwenye tope lile ili ifike kwenye neno hilo, badala.

Basi hapo ndipo vitabu hivi vinapoachana, si kwenye Nuhu wala Musa. Kurani inamheshimu Yesu sana. Sura ya 19 imepewa jina la mama yake, na hakuna mwanamke mwingine aliyetajwa kwa jina katika Kurani yote. Inasema alizaliwa na bikira, aliponya vipofu na wakoma, alifufua wafu kwa idhini ya Mungu. Lakini sura ya 4, aya ya 157, inasema hawakumuua wala hawakumsulubisha, walifananishiwa tu. Kwa Mwislamu hiyo ni heshima: Mungu hawezi kumwacha mtume wake afe kifo cha aibu. Ni ile kanzu iliyochanwa nyuma tena. Kwa Mkristo ukitoa msalaba umetoa kitu chote; Injili zote nne zinakwenda mbio kufika pale, na anayekufa pale hakuna mahakama iliyomwachilia.

Kuna jambo lingine ambalo mwenzako halioni kwa sababu hakulelewa nalo. Siku moja Bi Mkubwa aliingia chumbani kwangu, akaikuta Biblia yangu mezani imefunguliwa: nimepiga mistari kwa kalamu ya wino, pembeni nimeandika tarehe za mahubiri, ndani nimeweka picha yenu na risiti ya ada. Alishtuka. Msahafu wake yeye ulikaa juu ya kabati, umefunikwa kitambaa, haushiki bila udhu. Alidhani sijali maneno ya Mungu. Nilishindwa kumweleza wakati ule. Leo ningemwambia hivi: kwenu Neno la Mungu limeshuka likawa kitabu. Kwetu Neno alifanyika mwili, Yohana 1:14, na kitabu ni cha watu waliomwona na kumshuhudia. Ndiyo maana humo ndani Paulo anasahau ni nani na nani aliowabatiza Korintho, na anamwandikia Timotheo asisahau kumletea joho aliloliacha kwa Karpo huko Troa. Mwislamu akisoma hilo atauliza, maneno ya Mungu ndiyo haya, ya joho? Mimi nalipenda joho lile.

Kuhusu madai kwamba Biblia imebadilishwa, sitakaa sana. Magombo yaliyopatikana Qumran, karibu na Bahari ya Chumvi, kuanzia 1947 yana kitabu cha Isaya kilichonakiliwa kabla ya Yesu kuzaliwa, na kuna nakala ya Agano Jipya zima ya karne ya 4 iliyoko London, wakati Mtume Muhammad alifariki 632. Hiyo waliyokuwa nayo Wakristo wa zama zake ndiyo hii. Waislamu watakwambia Injili wanayoisema wao ni ile aliyopewa Isa, si hizi nne. Waache waseme, ni jibu lao. Lakini nawe usijifanye hatuna la kukiri. Mwisho wa Marko, kuanzia 16:9, na kisa cha mwanamke aliyefumaniwa katika Yohana 8, havimo katika nakala hiyo ya London. Wataalamu wetu wenyewe ndio waliotuambia.

Wala usiingie kwenye mihadhara. Miaka ile ya tisini palikuwa na vipaza sauti viwili kwenye viwanja vya jirani, kila kimoja kinamtukana mwenzake kwa aya. Wale wahubiri wa upande wa pili Biblia zao zilikuwa zimetiwa alama kuliko za wanakwaya wetu, hilo nawapa. Mimi na Bi Mkubwa tulikuwa tunafunga madirisha kwa pamoja, kwa sababu mtoto alikuwa amelala, na mtoto mwenyewe ni wewe.

Ila soma. Tafsiri ya Sheikh Abdullah Saleh Farsy ndiyo niliyosoma mimi, na Kiswahili chake ni kizuri. Kabla yake, mwaka 1923, padre wa misheni yetu wenyewe hapo Unguja, Canon Godfrey Dale, alikuwa ameitafsiri Kurani kwa Kiswahili. Nia yake ilikuwa kubishana nayo, na Waislamu hawakuipenda. Farsy aliwatafsiria watu wake kitabu wanachokipenda, na hilo utaliona.

Biblia ya baba yako nimempa mama mmoja wa kanisani anayevuka Jumanne, atakupigia akifika bandarini. Jalada limelegea, nimelifunga kwa utepe. Kwenye Mwanzo 44 kuna kikaratasi kina mwandiko wa baba yako, usikitoe. Na mwulize mwenzako, kwa upole, anapoisoma aya ya 78, kama amewahi kujiuliza ni nani kati yao angekubali kubaki.

Mama yako