Re: DVD za harusi zenye stika zinakwama kwenye deki
Habari ndugu. Umesema DVD ulizobandika stika za karatasi zinakwama katikati, ila zisizo na stika zinacheza vizuri. Anza na stika yenyewe: ikikaa upande hata kidogo, au ukingo ukainuka, diski inayumba ikizunguka kwa kasi. Tafadhali usiibandue! Kwenye CD data iko juu, chini ya rangi tu, na gundi huing'oa. Ya DVD iko katikati ya plastiki mbili za milimita 0.6, lakini ukivuta inaweza kupinda. Nakili kwenye kompyuta kwanza, hata ikisoma polepole, kisha choma (rekodi) upya kwenye diski mpya. Badala ya stika, mimi naandika juu ya diski kwa maka peni ya ncha laini, kamwe si kalamu ya ncha ngumu. Wateja wakitaka picha ya maharusi, nunua diski zenye uso mweupe wa kuprintia.