Nilingoja mgao wa dhahabu mpaka nikachoka

Nilipofungua akaunti ya CDS, ile ya kuhifadhi hisa kielektroniki, nilinunua vitu viwili, hisa za kampuni moja na vipande kadhaa vya NewGold, ile ETF ya dhahabu iliyoingia soko la Nairobi 2017. Kampuni ikaleta mgao, yaani kipande cha faida yake. NewGold kimya. Mwaka ukaisha, nikampigia broka nikiwa nimefura, mgao wangu uko wapi, akacheka mpaka nikaona haya. Akaniambia, dhahabu imelala stoo ndugu yangu, haiuzi unga wala haikodishi nyumba, itagawa nini? ETF ni kapu tu linalouzwa sokoni kama hisa yoyote, bei inacheza kutwa nzima, ukishika kapu la dhahabu unangoja bei ipande, ukishika kapu la hisa basi kampuni zilizomo zikigawa faida na wewe unapata chako.

Sasa kichekesho, ile hisa ya kampuni iliyonilipa ndiyo iliyonila. Niliinunua kwa shilingi 20, ikatoa mgao wa 1.50, watu wa kodi, KRA, wakamega asilimia 5 yao, nikabaki na kama 1.42 na nikaringa kwenye chama chetu cha akiba eti hisa zangu zinashinda benki. Wakati huo bei ilikuwa imeshafika 17! Yaani nimepoteza 3 nikapata 1.42, hasara ya karibu asilimia 8, na hapo komisheni ya broka hatujaigusa. Kwa hivyo mtu akikusifia mgao mnono, muulize na bei je, ilikuwa ngapi na sasa ni ngapi.

Halafu kuna ule ujanja wa kukimbilia hisa siku chache kabla rejista ya wenye hisa haijafungwa ili uwahi mgao. Nimeufanya, usiufanye. Siku mnunuzi mpya anapokosa haki ya mgao, bei kwa kawaida inashuka karibu kiasi kilekile, ni kutoa hela mfuko wa kushoto kuweka wa kulia na njiani kodi imeshakatwa.

Siku hizi watu wengi wako kwenye app wananunua ETF za Marekani za S&P 500. Hilo ni kapu la kampuni kubwa kama 500 za huko. VOO, moja ya ETF hizo, ada yake ni asilimia 0.03 kwa mwaka, dola 3 kwa kila dola 10,000, hapo sina neno. Shida ni kwamba Kenya haina mkataba wa kodi na Marekani, kwa hivyo mgao wa dola 100 unakatwa asilimia 30 hukohuko, unakufikia ukiwa 70. Mimi nilihamia ETF zilizosajiliwa Ayalandi, S&P 500 ileile ila mfuko wenyewe unakatwa asilimia 15 badala ya 30, nikachukua aina ambayo mgao hauji mkononi, unanunua hisa zaidi humohumo.

Mke wangu hataki kusikia. Namwonyesha bei ilivyopanda, ananiuliza bei inanunua mboga? Na kusema kweli ana pointi, kama wewe unasubiri hiyo hela ulipe karo Januari, chukua inayogawa na ukubali kukatwa.