Hicho kiwanja kiache kwanza, ulizia kipimo cha RAS

Mleta mada, usiuze kiwanja. Nimesoma swali lako nikiwa juu ya tangi la mteja, nikashuka nikaacha kazi. Mama ana saratani ya utumbo mpana, imeshafika kwenye ini, na kuna "mtu wa uhakika" anayewaletea cetuximab, dawa ya saratani, kutoka nje, anataka nusu ya hela kabla ya Ijumaa, ndiyo mnawaza kuuza kiwanja. Umeuliza pia mambo ya chakula na wapi pa kufikia Dar, hayo nitayarudia. Kipimo cha RAS mmefanya? Kama unajiuliza RAS ni mdudu gani, basi wewe ni mimi wa miaka minne iliyopita: ni ukoo wa jeni, wamo KRAS na NRAS, nitaeleza.

Sisi, baba yangu alipougua saratani hii hii, tuliuza ekari mbili za zabibu Hombolo. Zabibu zinazozaa, siyo pori. Tukaongeza ng'ombe watano wa mzee kwenye mnada wa Msalato, kwa bei ya mtu mwenye haraka, maana madalali wananusa shida kama fisi. Hela yote ikaishia kwenye vichupa vya dawa ile ile unayoambiwa wewe. Kila wiki dripu, wiki nane.

Huyo bwana aliyetuuzia dawa alikuja na begi la ngozi na maneno laini. "Hii siyo kemo ya kuua kila kitu, hii inalenga." Kulenga kweli inalenga. Hakutuambia kwamba kuna wagonjwa ambao ndani yao hakuna cha kulengwa. Sijui hakujua au alijua akanyamaza, na mpaka leo sijaamua ni lipi linaniudhi zaidi.

Ngoja nieleze kwa lugha ya pampu, ndiyo kazi yangu. Seli ya utumbo haijigawi hovyo, inasubiri kuambiwa. Juu yake kuna kipokezi kinaitwa EGFR, hicho ni batani. Protini ya kuchochea ukuaji ikikibonyeza, ndani inawaka protini nyingine inaitwa KRAS. KRAS inapasha habari kwa RAF, RAF kwa MEK, MEK kwa ERK, mpaka kwenye kiini cha seli: jigawe. Ujumbe ukishafika, KRAS inajizima. Kwa hiyo KRAS ndiyo kontakta, ile swichi ya ndani inayopeleka umeme kwenye pampu batani ikibonyezwa, na cetuximab ni kifuniko unachoweka juu ya batani mtu asibonyeze.

Sasa, kwa wagonjwa kama 4 kati ya 10 wa saratani hii, jeni ya KRAS imeharibika, mara nyingi pale nafasi ya 12 au 13. Ni kosa dogo mno, lakini kontakta imegandana pa kuwaka. Muulize fundi yeyote: kontakta ikishaungua ikagandana, funika batani, ng'oa batani, katupe batani bwawani Hombolo, pampu itaendelea kuvuta. Nimebadilisha kontakta za namna hiyo kuanzia Mpunguzi mpaka Bahi, halafu kwa baba yangu mzazi nikanunua kifuniko cha batani kwa bei ya shamba. Chekeni tu, mimi nilishamaliza kucheka.

Kinachoniuma zaidi ni vipele. Wiki ya pili mzee akaota vipele usoni na kifuani kama kijana wa miaka kumi na sita. Nikampigia yule bwana, akashangilia: "Safi sana, dawa inafanya kazi!" Tukafurahi jamani. Mama mdogo akachinja kuku. Daktari mmoja kijana alikuja kunifafanulia baadaye, taratibu, kama anaongea na mtoto: ngozi nayo ina EGFR, na kontakta za ngozini ni nzima, ndiyo maana ngozi iliitikia. Uvimbe wenye KRAS mbovu hauna habari. Kumbe tulikuwa tunasherehekea dawa kufika mahali pasipougua. Picha ya CT ilipotoka, madoa kwenye ini yalikuwa yameongezeka.

Na siyo siri mpya hii. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha wenye KRAS mbovu hawakupata nafuu yoyote kwa cetuximab, na tangu 2009 wataalamu wa saratani Marekani wanasema pima kwanza. Kuna majaribio ambako wenye hitilafu hiyo, walipochanganyiwa dawa za kundi hili na kemo yenye oxaliplatin, walifanya vibaya kuliko waliopata kemo peke yake. Yaani unalipa ili uzidi kuumia.

Hapo juu umeuliza kama ugonjwa umeanza juzi kwa kuwa mama alikuwa mzima Krismasi. Hapana. Kwa wengi hitilafu ya kwanza ni ya jeni ya APC, breki inayohakikisha protini ya beta-katenini inavunjwa isijazane. Breki ikikatika, beta-katenini inaingia kwenye kiini na kuamrisha seli zizaliane, kinaota kinyama kidogo ukutani mwa utumbo. Hitilafu ya KRAS huja baadaye, na ya jeni nyingine, TP53, baadaye tena. Safari yote inaweza kula miaka kumi. Mzee wangu alikuwa anakula ugali wake wa uwele na mlenda, anasema tumbo linanguruma tu.

Cha kufanya: kile kinyama walichokata kwa mama hakikutupwa. Kimehifadhiwa maabara ndani ya blok ya nta, na kipimo kinafanyika kwenye kinyama hicho hicho bila kumchoma mama tena. Mwombe daktari wake aandike KRAS, NRAS (ndugu yake) na BRAF (ya kundi la ile RAF), zote tatu, na aulizie MSI, kipimo cha kuona kama seli za uvimbe zimeshindwa kurekebisha makosa ya jeni zao, kwa sababu jibu lake linaweza kufungua njia ya dawa nyingine kabisa. Majibu yakirudi RAS ni nzima, basi kaeni na daktari mjadili cetuximab, na hata hapo muulize uvimbe uko upande gani, maana ulioanzia kulia huitikia kidogo. Yakirudi mbovu, kiwanja kimepona.

Huyo wa Ijumaa mwambie akuonyeshe majibu ya RAS ya mama. Utaona atakavyopoteza mtandao ghafla.

Ya chakula sasa... nimeitwa, maji yanamwagika huku. Nijibu hili tu: kinyama kilikatwa hospitali gani, na namba ya patholojia mnayo?